Titulaire wa Pumzi Ndogo

Mtu aliyeungua alipoletwa kwenye pavillon yetu, wodi ya walioungua, Titulaire hakumuuliza kwanza ameungua vipi wala lini. Alimwambia aseme jina lake. Akishalisema, Titulaire aliinama mpaka sikio lake likakaribia kugusa midomo ya yule mtu, akamwambia arudie. Baada ya saa moja alikuja tena.

"Sema jina yako yote."

Ilikuwa miaka ya Zaïre. Wengi wetu tulikuwa na majina mawili: lile la ubatizo, ambalo serikali ilikuwa imelikataza, na lile la mababu lililoandikwa kwenye kitambulisho. Namkumbuka mzee mmoja wa mtaa wa Kadutu, nyusi zote zimeungua, akimtazama Titulaire kwa hofu kama vile anaulizwa na mtu wa usalama.

"Ile ya batizo ao ile ya Zaïre?"

"Ile yenyi iko murefu, muzee."

Jina lenyewe halikumhusu. Alikuwa akisikiliza sauti. Mtu aliyevuta moshi mkali, koo lake huvimba taratibu, na sauti huanza kukwaruza kabla pumzi haijaziba. Jina refu liliipa sauti nafasi ya kujitoa. Asubuhi ilikuwa safi. Ikifika adhuhuri imekuwa kama ya chura, na hapo Titulaire alituma mtu kuniita mbio nije niweke tiyo, ule mrija unaopita mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa, kabla koo halijafunga mlango.

Sote tulimwita Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa pavillon, na hata mke wake alimwita hivyo mbele yetu. Alizaliwa kilima gani, na mwana wa nani, sikuwahi kumuuliza. Najua kwamba alipenda kitu kimoja kuliko cheo chochote: kusimama kichwani pa kitanda cha mtu asiyeweza kupumua, na kumpumulia kwa mkono mpaka aweze mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwondoa mahali pale. Nitasema alikuwa mtu wa namna gani, na hilo nalo nitalisema, kwa kuwa bila hilo nitakuwa nimemchora nusu.

Inafaa msomaji ajue ni nani anayesema. Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe. Mama yangu aliuza ndizi soko la Kadutu, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilisoma kwa akili yangu, nikashinda mtihani, nikapelekwa Ulaya, nikapata diploma ya anesthésie-réanimation, yaani elimu ya kulaza wagonjwa wa upasuaji na kuwarudisha walio karibu kufa. Niliipata kwa distinction, na Wazungu wa darasa letu waliosoma majina ubaoni waliyakuta yao chini ya langu. Wenzangu wengi walibaki huko. Mimi nilirudi Bukavu na masanduku mawili ya vitabu, nikapewa dhamana ya wagonjwa wote wa kupumuliwa, na mtu mwingine wa hapa mjini mwenye karatasi kama yangu sikumjua. Hospitalini waliniita Dokta. Titulaire peke yake aliniita Diplôme.

"Diplôme, njo hapa. Kuko mutu ananguruma."

Nilimwambia siku moja kwamba nina jina.

"Najua. Kama siku moja unaungua, nitakuuliza."

Mashine ya kupumulia tulikuwa nayo moja. Lilikuwa sanduku la chuma la kijani, lina mfuko wa mpira uliokunjwa kama kinanda cha mkono, unapanda na kushuka ndani ya kioo, na juu yake saa ya kuonyesha nguvu ya hewa. Titulaire aliliita Muzungu. Umeme ulipokatika, alipenda kuja kuniarifu mwenyewe, uso umetulia kama wa padri.

"Muzungu yako amelala."

"Ni umeme, Titulaire. Si kosa la mashine."

"Sisemi kosa. Nasema amelala. Sisi hatulalake."

Hapo alitwaa ballon. Hivyo ndivyo tulivyouita ule mfuko wa mpira unaofungwa kwenye tiyo na kubanwa kwa mkono, hewa iende mapafuni. Aliubana kwa vidole vitatu tu. Mimi huko Ulaya nilifundishwa kuubana kwa kiganja kizima, maana wakati ule walimu wetu waliamini pumzi kubwa ndiyo inayofungua mapafu yaliyolala. Kifua cha mgonjwa wangu kilipanda kama cha mtu anayepanda vilima vya Cimpunda na gunia la makaa. Cha mgonjwa wake kilishtuka tu.

"Humpi kitu," nilimwambia.

"Namupa. Kama umekuwa na njaa ya siku tatu, nitakupa bugali ya mutu mukubwa?"

Nilitaka kujua amejifunza wapi jambo hilo. Alisema alianza kazi kwa masista, upande wa Katana, kwenye wodi ya wazazi. Mtoto akizaliwa bila kulia, masista walimfundisha kumpulizia mdomoni kwa hewa ya mashavu tu, si ya tumbo, kwa sababu ukimpulizia ya tumbo unampasua. Baadaye alipohamia Bukavu na kupewa watu walioungua, aliona kwamba mtu mzima aliyevuta moshi hukataa pumzi kubwa kama mtoto mchanga. Basi akarudi kwenye mashavu. Hakusoma popote. Nilimsikiliza, nikatabasamu, nikarudi kwenye vitabu vyangu.

Hata hivyo, mashine aliyoitania ndiyo aliyoitunza. Jumamosi, siku ya salongo, wafanyakazi wote walipotoka na mapanga kukata majani ya uwanja kwa amri ya chama, yeye alibaki na kitambaa na maji ya sabuni, akapangusa Muzungu kila kona. Katibu wa chama alimkuta mara moja.

"Citoyen, salongo ni ya inje."

"Majani yatangoja. Huyu akipata vumbi ku pua, wagonjwa wako watapata wapi pumzi ya kukuimbia nyimbo za chama?"

Katibu alicheka, akaenda zake. Titulaire alikuwa na namna ya kuwajibu wakubwa ambayo mwingine angefungwa kwayo.

Kazi aliyoiweza kuliko sote ilikuwa kufundisha ndugu za wagonjwa. Wauguzi hawakutosha. Mashine ilikuwa moja, na umeme ulikuwa na siku zake. Kwa hiyo mgonjwa wa pili, au wa kwanza umeme ukikatika, alipumuliwa na garde-malade, yaani wale ndugu wanaolala hospitalini kupika na kufua. Walipokezana saa mbili mbili, mchana kutwa na usiku kucha. Mtu anayebana ballon kwa mara ya kwanza hutetemeka. Titulaire alimuuliza mwanamke swali moja tu.

"Maman, unajua kutwanga sombe?"

Nani Bukavu hajui kutwanga sombe, majani ya muhogo? Mwanamke alikuwa karibu kukasirika.

"Bon. Muchi unapanda, hapo unapumuzika. Unashuka, unafinya. Unapanda, unapumuzika. Lakini hii ni sombe ya mutoto, kidogo sana. Usivunje kinu."

Kisha aliweka mkono wake juu ya mkono wa yule mwanamke, wakabana pamoja, mpaka akaondoa wake bila mwenzake kujua. Nimeona hilo mara nyingi, na kila mara sikuona ni wakati gani aliuondoa.

Wanaume hawakumpendeza. Alisema wanabana kama wanakaba mwizi. Lakini waliomtisha zaidi ni wale wenye mapenzi mengi. Kwetu upendo huonekana kwenye sahani: mgeni hapewi bugali kidogo. Ndugu akishika ballon anaona aibu kutoa pumzi ndogo, anahisi anamnyima mtu wake. Anaongeza. Mapafu yanachoka. Ndiyo maana Titulaire, akiona ukoo umejaa mlangoni, aliuliza kwa sauti: "Mama mukwe iko hapa?"

Watu walicheka. Yeye hakuwa anacheka.

"Mama mwenye kuzaa anafinya sana. Mama mukwe hana haraka na mutu. Nipeni mama mukwe."

Hakuwa mtu laini. Aliwafukuza waliaji. Aliyelia kwa sauti ndani ya pavillon aliambiwa akamalizie nje, maana kilio kinaharibu hesabu ya mkono. Lakini nimemkuta nyuma ya jiko la hospitali, radio sikioni, akifuta machozi kwa sababu timu yake ya Bukavu imefungwa bao dakika ya mwisho. Aliwakataza garde-malade wasiwashe makaa karibu na madirisha kwa ajili ya moshi, na mwenyewe alivuta sigara mbili kila siku nyuma ya chumba cha mashuka, akikohoa. Nilipomwonyesha ubaya wake, alisema moshi huo anaulipia mwenyewe, hampelekei mtu. Kanisani alisimama mlangoni misa nzima. Hakusifu mtu. Muuguzi aliyefanya kazi ya ajabu alipewa maneno mawili: "Si mubaya." Binti mmoja, muuguzi wetu mwenye bidii, aliyapata mara moja katika miaka minne, akayasimulia kwao kama cheti.

Sasa nifike kwenye ripoti.

Siku moja asubuhi ililetwa habari ya moto Kadutu, nyumba ya mbao. Aliyeungua alikuwa mgeni, mchimbaji wa dhahabu kutoka Mwenga aliyefikia kwa shemeji yake. Uso ulikuwa umeungua, mikono pia. Niliangalia puani nikaona masizi meusi ndani. Diploma yangu ilikuwa imenifundisha hilo waziwazi: uso umeungua, masizi yako puani, weka tiyo mara moja, usingoje. Nikasema tumwekee. Titulaire akainama.

"Sema jina yako yote."

Yule mtu akalisema, refu, zuri, kama anajitambulisha harusini.

"Sauti ni safi," alisema Titulaire. "Huyu anapumua mwenyewe. Ukimutia tiyo bure, utamuletea maradhi ya mapafu. Tungoje."

"Masizi, Titulaire."

"Nimesikia sauti."

Pale pale niliitwa chumba cha upasuaji kwa mama aliyekuwa anatoka damu, nami nikaenda. Nilipotoka, koo la mchimbaji lilikuwa limefunga. Lilifunga kwa muda mfupi sana, bila kupitia sauti ya chura. Daktari wa upasuaji alikata shingoni kumtafutia njia, akachelewa. Titulaire alikuwa ameshika ballon, kinyago chake kimebanwa mdomoni pa mgonjwa, anabana, na hewa haiendi. Aliendelea kubana hata tulipomwambia basi.

Niliandika ripoti kwa médecin-directeur, mkuu wa hospitali. Niliandika ukweli wa yule mchimbaji, nao ulitosha. Lakini nilikuwa na hasira, nilikuwa na diploma, na nilikuwa nimechoka kuitwa Diplôme mbele ya wagonjwa. Nikaongeza sentensi: kwamba Titulaire wa pavillon hana elimu ya kuelewa ugonjwa wa mapafu kwa walioungua, na hana uwezo wa kujifunza. Nikaomba asiguse tena mgonjwa wa kupumuliwa.

Ndani ya wiki moja alihamishiwa lingerie, chumba cha mashuka. Wauguzi waliendelea kumwita Titulaire, na waliopewa nafasi yake waliitwa kwa majina yao.

Miezi mitatu baadaye akaja mwalimu wa Cimpunda. Alikuwa mama wa watoto watatu, anafundisha darasa la pili. Taa yake ilitiwa mafuta yaliyochanganywa na petroli na muuzaji asiye na haya, ikalipuka, na nyumba za Cimpunda zimebanana kiasi kwamba moshi wa moja ni moshi wa kumi. Ameungua kifua chote, mbele na nyuma, kama mtu aliyevaa fulana ya moto. Nilimwekea tiyo kwa jaribio la kwanza, na sidhani kama wapo wengi ambao wangeweza siku ile. Nikamfunga kwenye mashine, nikampa pumzi kubwa kama vitabu vilivyosema. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, mshale wa saa ya mashine ukaanza kupanda. Hewa ilikuwa inagonga na kurudi. Nikaongeza nguvu. Mshale ukapanda tena. Midomo ya mwalimu ikawa na rangi ya wino. Nikaongeza. Mama mkwe wake alisimama miguuni pa kitanda, mikono kifuani, ananitazama. Kisha hakuwapo.

Alikuwa amekwenda lingerie. Nani alimwambia, sijui. Hospitali ina midomo. Baadaye yeye mwenyewe alinisimulia alichosema pale mlangoni: "Papa, banasema weye njo unalinda mashuka. Mukwe wangu hapumui, na ule mwenye miwani iko anaangalia saa."

Mwenye miwani nilikuwa mimi.

Titulaire aliingia na mashuka mawili bado mkononi. Hakunisalimu. Aliyaweka kitandani, akatandaza kiganja chake juu ya kifua cha mwalimu, akangoja mashine ipulize mara tatu.

"Kifua iko ngumu sawa ngoma. Diplôme, uko napiga mulango yenyi imefungwa."

"Nguvu haitoshi, ndiyo..."

"Nguvu ni mingi sana. Ni ngozi. Ngozi imekauka, imemufunga sawa kamba. Ita chirurgien aipasue."

Nilijua jambo hilo. Lilikuwa katika kitabu changu cha pili, na picha yake. Lakini nilikuwa naangalia saa ya mashine, sikuwa nimeweka mkono juu ya mtu. Daktari wa upasuaji alikuja, akakata ile ngozi iliyokufa ubavuni kushoto na kulia, kisha akaunganisha kwa mkato wa chini. Ngozi iliyoungua vile haisikii maumivu tena. Ilipasuka kama gunia lililojazwa kupita kiasi, na kifua kikafunguka mbele ya macho yetu.

Titulaire alikuwa tayari ametoa mashine na kufunga ballon. Vidole vitatu.

"Ni kidogo mno!" nilisema. "Hewa chafu itamjaa ndani."

"Itamujaa kidogo. Atalala. Mutu mwenye kulala haiko mufu." Hakuacha kubana. "Sikiliza. Moshi umefunga mapafu yake mingi. Yenyi imebakia ni ya mutoto. Weye unaipa chakula ya mutu mukubwa. Nani atapona vile?"

Ndani ya muda ambao mtu anachemsha chai, midomo ile iliacha wino ikarudi kuwa midomo. Titulaire akamwita mama mkwe, akamuuliza kuhusu sombe. Licha ya ripoti yangu, alimpumulia siku ile na kesho yake, yeye na mama mkwe na dada wawili wa mume. Kisha tulimrudisha kwenye mashine, nikapunguza pumzi yake mpaka ikafanana na ya vidole vyake, huku naona aibu kana kwamba nimevua viatu mbele za watu. Siku ya tisa tulitoa tiyo. Mwalimu alibaki na sauti ya kukwaruza, na alirudi darasani nayo. Miaka mingi baadaye wakubwa wa fani yetu huko Ulaya wenyewe walianza kuandika kwamba mapafu yaliyoumia yapewe pumzi ndogo. Nilipoyasoma, sikushangaa.

Lakini katika mkutano wa wafanyakazi, mkuu alinisimamisha, akanipongeza mbele ya wote kwa kumponya mwalimu wa Cimpunda. Titulaire alikuwa nyuma, karibu na mlango, na orodha yake ya foronya. Nilisema, "Asante."

Ningeweza kusema neno lingine. Nililifikiria. Niliogopa kwamba nikiondoa sentensi moja kwenye ripoti yangu, watu watauliza na nyingine, na mtu aliyejijenga mwenyewe tofali kwa tofali hapendi mtu ashike tofali la chini. Titulaire alikaa lingerie mpaka akastaafishwa, akaenda Mudaka kulima maharagwe.

Miaka minne ikapita. Nilikuwa mkubwa wa huduma nzima. Nchi ilikuwa imechoka, vipuri havikuja tena, na mpira wa Muzungu ulikatika mahali ambapo hakuna gundi iliyoweza kushika. Wiki hiyo hiyo akaletwa binti wa miaka kumi na minane, mwanafunzi wa ushonaji, ameungua shingo na kifua na amevuta moshi. Tiyo nikaweka. Kifua kikapasuliwa mapema. Hilo sikulisahau tena. Ikabaki mikono ya mama yake kwenye ballon. Alibana kwa nguvu zote alizomzalia. Nilimwambia pole pole, akasema ndiyo, akabana vilevile. Nilieleza mapafu ni nini, nikamchorea. Aliangalia mchoro, akalia, akabana. Kueleza naweza mbele ya profesa yeyote. Kufundisha mkono wa mwingine, siwezi, na binti alikuwa anaharibika mbele yangu.

Nilikwenda kwa mkuu mpya wa hospitali nikamwomba ruhusa ya kumwita Titulaire. Akafungua kabati.

"Kuna ripoti hapa inayomkataza kugusa wagonjwa hawa. Uliiandika wewe, Dokta. Uifute wewe, kwa maandishi, nami nitaona."

Nikaandika barua pale pale, nikachukua ripoti ya zamani na jeep ya hospitali, nikaenda Mudaka. Nilimkuta uani, anapeta maharagwe na mke wake. Alikuwa amekonda, na kikohozi kilikuwa kimehamia kwake kabisa. Mke wake alileta chai. Nilieleza habari ya binti, nikampa barua. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akasoma polepole.

"Hapa unaandika kama ripoti yote ni bongo."

"Ndiyo, Titulaire. Uongo mtupu."

"Na mutu wa Mwenga?"

"Ni zamani."

"Ni zamani, lakini alikufa. Uliniambia masizi, nikakataa. Ulikuwa na haki. Hapana kumutoa mule."

"Nikimwacha mule hawatakuruhusu uingie."

"Basi bataniacha hapa ku maharagi yangu." Aliiweka barua juu ya ungo. "Mimi sitaingia na bongo. Yule mutu aliniambia jina yake."

Mke wake alisimama na birika mkononi, hakumimina. Titulaire alichukua ripoti ya zamani, akatembeza kidole mstari kwa mstari, akakisimamisha.

"Ni hii tu. 'Hana uwezo wa kujifunza.' Juu ya hii sikulala. Tangu yule mutu, hata ku lingerie, mutu aliyeungua akipita mulangoni niko naangalia kwanza pua, kiisha sauti. Ile ni kujifunza ao si kujifunza?"

Nikachana barua yangu, nikaandika nyingine juu ya goti. Niliandika kwamba mchimbaji wa Mwenga alikufa kwa sababu Titulaire alingoja. Niliandika kwamba mwalimu wa Cimpunda aliponywa na Titulaire, si na mimi, na kwamba nilipokea pongezi nisizostahili. Niliandika kwamba sentensi ya uwezo wa kujifunza ilikuwa uongo na niliijua kuwa uongo tangu siku ile ya mwalimu. Chini nikaweka jina langu lote na diploma yangu yote, pamoja na distinction, nikaongeza kwamba kwa lolote atakalofanya mtu huyu kwenye kitanda kile, nitajibu mimi.

Aliisoma.

"Si mubaya," alisema. Kisha akavua miwani. "Nani iko anafinya sasa?"

"Mama yake."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na weye umekaa hapa na chai!"

Alikuwa ameshatoka uani kabla sijaweka kikombe chini.

Tulifika hospitalini saa nane mchana. Mkuu alikuwa koridoni mbele ya pavillon. Nikampa barua, akaanza kusoma, akageuza ukurasa, akarudi nyuma kusoma tena, kidole kwenye mstari wa mchimbaji. Alipoinua kichwa ili aseme anachotaka kusema, hapakuwa na mtu wa kumwambia ila mimi. Mlango wa pavillon ulikuwa wazi. Titulaire alikuwa ameinama juu ya binti, anamwangalia puani. Kisha akazunguka kichwani pa kitanda, akaweka mkono wake juu ya mkono wa yule mama.

"Legeza vidole, maman," tulimsikia akisema. "Niko hapa."